Mali ya Shule

Fundi Bomba hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Kazi yake ilikuwa kuzibua vyoo, kufunua chemba za maji taka na kuingiza mkono mahali ambapo wengine hawataki hata kupatupia jicho, na alikuwa ameifanya tangu ujanani, mpaka pua yake ikasalimu amri. Alikuwa akitoka shimoni, ananawa kwa sabuni ya unga hadi viwikoni, kisha anakaa kitako na kula chakula chake kwa raha zake, huku mwenye nyumba akimtazama kwa pembeni na kuishiwa hamu. Watani wake walisema siku akizikwa, kaburi litabidi liwekewe koki. Alicheka nao. Uchafu wa watu, alizoea kusema, haukuwahi kumkera. Hakuna asiye nao.

Alipooa, alioa mwanamke mwenye mtoto. Mkewe alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, mtu wa zamu na wa maneno machache. Mtoto alikuwa wa kike, na maneno yote ambayo mama hakuyasema yalikuwa yamehamia kwake, ndiyo maana majirani walimwita Chiriku. Alijua kusoma kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Alisoma makopo ya maziwa, mabango ya dukani, maelezo ya sumu ya panya. Aliuliza kwa nini maji hupanda ghorofani wakati kila kitu kingine huanguka, na Fundi, ambaye ameyapandisha maji ghorofani maisha yake yote, akajikuna kisogo na kumwambia ni pampu.

“Na kabla ya pampu, Baba Fundi?”

Baba Fundi ndilo jina alilompa mwenyewe, bila kushauriwa na mtu. Siku za Jumamosi alimfuata kazini. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamsikiliza Fundi akitaja vipimo vya mabomba, akafumba macho kidogo, kisha akamwambia aanze kukata kipande kipi ili kitakachobaki kitoshe chini ya sinki. Fundi alikuwa hodari wa kazi lakini mahesabu hayo yalimpiga chenga siku zote, na kwa miaka mingi uani kwake kulikuwa na rundo la vipande visivyofaa kitu. Tangu Chiriku aanze kukalia ndoo, rundo halikuongezeka. Fundi alijigamba kwa kila aliyekubali kumsikiliza, mpaka muuza vifaa vya ujenzi akawa akimwona kwa mbali anajifanya ana simu.

Mambo yalibadilika Chiriku alipoingia darasa la nne. Kwanza yakapungua maswali. Halafu tumbo likaanza kumuuma asubuhi, tumbo ambalo lilipona saa za shule zikishapita. Mama yake alimpeleka zahanati, wakampa dawa ya minyoo. Aliacha kusoma makopo. Wakimwongelesha, alijibu kwa mabega.

Jumamosi moja Fundi alimtajia vipimo kama kawaida yake, msumeno mkononi, akangoja.

“Sijui,” alisema Chiriku. “Kata unavyotaka.”

Fundi alimwangalia usoni. Kama kweli asingejua angeudhika, angeomba vipimo virudiwe, angechora chini kwa kijiti. Huyu alikuwa ametulia tuli, macho kwenye kandambili zake. Alikuwa anajua na anaficha, na Fundi hakuelewa mtoto wa umri ule amejifunza wapi kuficha kitu kama hicho. Alikata bomba kwa kubahatisha, akaliharibu, na wote wawili wakajifanya hawakuona.

Mama Chiriku alipoomba ruhusa kiwandani akaenda kumwona mwalimu wa darasa, alipokewa kwa tabasamu. Aliambiwa mtoto hana tatizo lolote, tena anawasaidia mno. Akarudi nyumbani ameridhika, na Fundi akaona haya kuendelea kuulizauliza, maana mwenye mtoto ameshasema.

Ikatokea sinki la ofisi ya walimu likaziba. Wakamwita yeye, kwa kuwa ndiye fundi wa karibu. Alipita barazani, waya wa kuzibulia ukiwa begani, akisikia kila darasa likiimba lake. Alipofika usawa wa darasa la nne alisikia sauti anayoijua, akasogea dirishani.

Chiriku alikuwa amesimama mbele ya darasa juu ya kreti ya soda ili aufikie ubao. Chaki mkononi, sketi imejaa vumbi jeupe, alikuwa akiwafundisha wenzake kugawanya. Waliokaa mbele walimfuatisha. Waliokaa nyuma walikuwa na shughuli zao. Kijana mmoja mkubwa, pengine aliyerudia darasa zaidi ya mara moja, alimrushia kipande cha chaki kikampata shavuni. Chiriku hakugeuka. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akaendelea kuandika, kama dereva anavyofuta jasho safari ikiendelea. Fundi aliangalia kila kona ya darasa akimtafuta mwalimu. Hakumwona.

Alimkuta ofisini. Walimu walikuwa wamejinyoosha vitini, wengine miguu juu ya madawati, wamezunguka simu moja yenye kichekesho, vikombe vya chai vimeacha miduara kila mahali. Mwalimu wa darasa la nne, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa amelaza kichwa mezani. Fundi aliwasalimu, wakamwonyesha sinki kwa kidevu. Akapiga magoti, akafungua kiungo cha chini, na tope likatoka: majani ya chai, mabaki ya wali, nywele, vijiti vya meno, vyote vimeshikamana na kuwa donge moja jeusi lenye utelezi. Alilitoa kwa mkono bila hata kukunja uso.

Alipomaliza na kunawa, mmoja wa walimu alimmiminia chai akamkaribisha. Fundi alikishika kikombe, akakifikisha mdomoni, akamkumbuka mtoto juu ya kreti. Kichefuchefu kilimpanda kutoka tumboni mpaka machoni. Alikiweka kikombe chini taratibu, akasema samahani, na akatoka nje kwenda kushika ukuta. Walimu wakacheka, wakasema kumbe hata mzibuaji hushindwa na harufu.

Jioni hiyo, wakirudi nyumbani pamoja, alimwuliza Chiriku bila kuzunguka. Mtoto aliona siri imetoka, akaeleza yote kwa sauti ile ile tambarare aliyokuwa akiitumia siku hizo. Kwamba anafundisha vipindi vya hesabu karibu kila siku, na vya sayansi mwalimu akichoka. Kwamba wakati wa mapumziko hachezi, anasahihisha madaftari. Kwamba akimkosesha mtu anapigwa nyuma ya vyoo, na akimpatisha kwa woga anagombezwa na mwalimu. Kwamba yeye mwenyewe hajafundishwa kitu kipya tangu mwaka uanze.

“Sasa nimeanza kukosa,” alisema. “Nikikosa sana watachagua mwingine.”

Fundi alimpokea mkoba. Alitaka kumwambia asikose, lakini hakuona kwa haki gani angemwambia.

Kesho yake alikwenda na mkewe kwa mwalimu mkuu. Ofisi ilinukia marashi. Kabati la vioo lilijaa vikombe vya mashindano, na nyuma ya meza alikaa mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mnene, msafi, suruali imenyooshwa mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate, kijiti cha meno pembeni mwa mdomo. Aliwasikiliza kwa upole. Fundi hakuwa msemaji. Maneno yalimtoka vipande vipande, akarudia mengine, akasahau aliyoyapanga usiku. Lakini alifika alikotaka kufika: mtoto aondolewe kazi ya ualimu, na apewe masomo yanayomtosha, hata ikibidi apandishwe darasa.

Mwalimu mkuu alimgeukia taratibu.

“Samahani, mzee. Wewe ndiye baba yake?”

“Namlea.”

“Basi tumwachie mama aseme.”

Mama Chiriku alikuwa ameinamia mkoba wake. Aliinua uso. “Anayoyasema yeye ndiyo yangu,” alisema.

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, cheko la mtu anayevumilia. Akawaeleza kwamba mtoto kama huyo hutokea mara moja kwa muda mrefu. Akipandishwa darasa sasa, atafanya mtihani wa mwisho mapema na kundi ambalo tayari lina wanafunzi wazuri. Akibaki, atalibeba kundi lake zito, na wastani wa shule utapanda wakati unapohitajika. Kuhusu kufundisha wenzake, hiyo ni heshima, si kazi. Wazazi wengine wangeshukuru. Akiongea hivyo alikuwa akichokoa jino la nyuma. Alipata alichokuwa akikitafuta, akakitoa kwenye ncha ya kijiti, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

“Muelewe kitu kimoja,” alisema. “Yule mtoto si wenu peke yenu. Yule ni mali ya shule.”

Fundi aliyaona yote mawili kwa pamoja, lile neno na kile kijiti, na hakuweza tena kuvitenganisha. Walipoagana alipewa mkono, akaushika kwa sababu ya adabu, na alipofika kwenye bomba la uani alisimama akanawa. Mkewe alimsubiri. Alipomaliza, na yeye akanawa.

Mwalimu mkuu aliahidi kumwangalia Chiriku kwa jicho la pekee, na hilo jicho walilijua siku ya mkutano wa wazazi. Uwanja ulijaa viti vya plastiki, kipaza sauti kilipiga miluzi, na mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye maduka na sauti, alikaa mbele kabisa. Baada ya hotuba ndefu, mwalimu mkuu alisema kuna zawadi kwa wazazi. Akaletwa Chiriku. Akapandishwa juu ya meza, soksi mpya, nywele zimechanwa mpaka macho yamevutika. Wazazi wakaambiwa wataje namba zozote mbili, kubwa wanavyoweza, mtoto azizidishe kichwani.

Wakataja. Chiriku akajibu. Mwalimu mmoja alikuwa na kikokotoo, akahakikisha na kuinua dole gumba, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Wakataja nyingine, kubwa zaidi, wengine wakaanza kutaja namba za simu zao kwa utani. Mtoto alijibu akiwa anatazama juu ya vichwa vyao. Mzazi mmoja alichomoka kitini akicheza, akamchomekea noti kwenye kola kama wanavyofanyiwa wapiga ngoma, na wa pili akamfuata. Fundi alimwona mwanawe akiinama pembeni ili shingo isiguswe na ile karatasi yenye jasho la watu.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita kati ya viti. Alijikuta mbele, amemshika Chiriku kwapani, anamteremsha. Mwalimu mkuu, kwa tabasamu la kwenye kipaza sauti, aliomba mzazi awe na subira, mtoto hajamaliza. Hapo Chiriku, ambaye kwa muda wote huo hakusema lolote isipokuwa namba, alimgeukia mwalimu mkuu akamwuliza, kama mtu anayetaka kujua ratiba tu. Mdomo wake ulikuwa karibu na kipaza sauti.

“Mwalimu, na mtihani wa wiki ijayo nikae tena na mtoto wa mwenyekiti, ili aone vizuri?”

Mwenyekiti akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mwalimu mkuu akasema watoto wana utani, na kipaza sauti kikazimwa.

Fundi alidhani sasa itatokea ghasia. Alidhani watu watasimama, watauliza, watamtaka mwenyekiti ajieleze. Wakacheka. Wengi wao walicheka kwa kushangilia hasa, kama watu waliosikia mbinu nzuri ambayo hawakuiwaza. Na mkutano ulipokwisha, alipokuwa anatoka langoni na Chiriku mgongoni, mama mmoja alimshika mkono na kumvuta kando. Fundi alifikiri anampa pole. Yule mama alimnong’oneza akitaka kujua kama inawezekana, kwenye mtihani huo, mwanawe akae upande wa pili, maana Chiriku ana pande mbili. Nyuma yake alikuwepo mwanamume anayengoja zamu yake kuuliza hilo hilo.

Alifika nyumbani akakaa kwenye kizingiti na kuwatazama majirani wakipita, watu aliowazibulia vyoo, aliokula nao kwenye misiba na harusi, na wote akawaona kama wana utelezi. Mkewe alimwekea chakula, kikapoa. Alimwambia mkewe kwamba maishani mwake ameshika kila kitu kinachotoka mwilini mwa binadamu, lakini hiki cha leo hajui atakinawa kwa sabuni gani. Mama Chiriku alikuwa anazikata zile noti za kwenye kola vipande vidogo vidogo kwa mkasi wake wa kazi.

Siku iliyofuata, jioni, mwalimu wa darasa la nne alibisha hodi. Hakutaka kukaa. Alisema darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati, kwamba ana mtoto mchanga anayelia usiku kucha, kwamba siku ya kwanza alimwomba Chiriku asimamie darasa kidogo tu wakati yeye anameza dawa ya kichwa. Kesho yake akamwomba tena. Halafu ikawa ndiyo kazi. Alisema kwenye mtihani wa majaribio aliagizwa apange viti, akavipanga.

“Mkienda ofisi ya elimu,” alisema, “nitakuja niseme.”

Mama Chiriku alimshukuru. Fundi alimtazama yule mwalimu kijana aliyesimama mlangoni akichezea kamba ya mkoba, na hakupata huruma aliyotarajia kuipata. Alimwonea kinyaa na yeye, na akajionea kinyaa mwenyewe kwa hilo, maana ndiye pekee aliyekuja. Alimwambia asante, wataonana huko.

Ofisi ya elimu walipokewa na afisa wa makamo aliyevua viatu chini ya meza kwa sababu ya miguu kuvimba. Hakushangaa, hakupiga kelele, hakumsifu mtoto. Alimpa Chiriku vitabu vya madarasa ya juu, kimoja baada ya kingine, na kila alichokimaliza alimpa cha mbele yake, huku mwenyewe akiendelea na kazi zake. Asubuhi ikaisha. Mwalimu wa darasa alieleza aliyoyaahidi, na afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto atahamishiwa shule nyingine upande wa pili wa mji, darasa la sita, ambako kuna mwalimu wa hesabu anayejua kushughulika na watoto wa namna hiyo. Atamwandikia mwalimu mkuu, na hatakubaliwa kukataa.

Fundi aliuliza, na habari ya viti, je?

Afisa alivaa kiatu kimoja, akakivua tena. “Hilo la mwenyekiti,” alisema, “mimi sikulisikia.”

Fundi alifungua mdomo. Mkewe alimbana kidole chini ya meza, akakibana sana, na Fundi akaufunga. Walichukua walichopewa wakaondoka. Lakini njiani alitema mate kila walipovuka mtaro, mpaka Chiriku akamwuliza kama ana nzi mdomoni.

Hawakumfanya lolote mwalimu mkuu. Hata aibu hakupata. Muhula haujaisha, ukuta wa lango la shule ile ulipakwa rangi mpya, na juu yake mchoraji akamchora Chiriku ameshika kitabu, meno yote nje, kando ya maneno makubwa yanayosema hapo ndipo vipaji vinapolelewa. Fundi alipopita akiwa na mzigo wa mabomba, alisimama barabarani kwa muda. Mchoraji alikuwa amemkosea pua. Fundi alitaka kurudi na ndoo ya rangi, mkewe akamwambia aache, mvua itafanya kazi hiyo. Tangu siku hiyo, akiitwa kazi upande ule, hupita njia ya sokoni, ingawa ni ndefu na ina matope.

Shule mpya nayo haikuwa pepo. Madirisha hayakuwa na vioo, na wiki za mwanzo Chiriku alikaa peke yake, mdogo kuliko wote, akiwa na tumbo lake lile lile la asubuhi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mzee mrefu mwenye kigugumizi, hakumwita mbele wala kumsifu. Alimpa karatasi na kumwacha. Mama Chiriku alianza kuogopa kwamba wamemtoa kwenye moto mmoja wakamtia kwenye mwingine.

Siku moja mtoto aliingia nyumbani akautupa mkoba, akakataa kuvua sare, akasema mwalimu ni mtu mbaya. Alikuwa amepewa hesabu moja tu tangu asubuhi na hakuipata. Alikuwa na machozi ya hasira, na vidole vyeusi kwa kufuta. Fundi alimwuliza ni hesabu gani. Alipoelezwa hakuelewa hata swali lenyewe, akasema hivyo, na Chiriku akalirudia kwa kelele, kisha akalirudia tena akichora sakafuni kwa chaki ya fundi, akikanyaga michoro yake mwenyewe na kuanza upya. Mama alipotoka zamu aliruka michoro kutoka mlangoni hadi jikoni.

“Wengine nao hawakuipata?” aliuliza mama, akimpakulia.

Chiriku alivuta sahani. Kulikuwa na msichana mmoja, alisema, anayekaa karibu na mlango, ana vidole virefu na maringo, yeye aliipata kabla ya kengele, wala hakutaka kumwonyesha njia.

“Ananishinda,” alisema kwa chuki tupu, mdomo umejaa, na akaomba aongezewe chakula.